Lango la Ziwa Liko Jinja

Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi iliyokuwepo tangu 1964. Dunga, ufuo wa wavuvi ulio kusini tu mwa mji wa Kisumu, ulifunikwa: maji yaliingia majengoni na wenye biashara wakahama. Mwaka 2006 kilio kilikuwa kinyume chake. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, na kwa kuwa Ghuba ya Winam, ilipo Dunga, ni pana na haina kina, kama sinia, kushuka kwa mita moja huko kunaacha eneo kubwa la tope na mashua zisizoweza kutia nanga. Ufuo ni uleule, na katika miaka kumi na minne umeumizwa na upungufu wa maji, kisha na wingi wake. Mtu wa Dunga anayeuliza nani awajibike hujibiwa kwamba ni hali ya hewa, au ni binadamu kwa jumla.

Jibu hilo la pili limepewa jina la kisayansi. Mwaka 2000 mkemia Mholanzi Paul Crutzen na mtaalamu wa maziwa kutoka Marekani, Eugene Stoermer, walipendekeza kwamba dunia imetoka katika enzi ya Holosini, ile ya tabianchi tulivu iliyoanza takriban miaka 11,700 iliyopita, na kuingia katika Antroposini, enzi ambayo shughuli za binadamu zinaigeuza sayari kwa nguvu inayolingana na ya volkano na barafu. Wanajiolojia walitafuta alama yake kwenye tabaka za ardhi, wakachagua tope la Ziwa Crawford nchini Kanada. Machi 2024 kamati yao husika ilipiga kura na kulikataa pendekezo hilo. Kwa wanasayansi wa siasa kura hiyo haikufunga mjadala, kwa sababu swali letu si tabaka lianzie wapi. Sisi tunauliza nani aliamua, kwa mamlaka gani, nani alifaidika, na aliyeumia amshitaki nani.

Wapo wanaolipinga jina lenyewe. Andreas Malm na Jason Moore, kwa mfano, wanasema kumlaumu “binadamu” ni kumtwisha mvuvi mwenye mtumbwi mzigo mmoja na mwenye mgodi wa makaa ya mawe, na kwamba mtuhumiwa halisi ni mfumo wa kibepari. Wana haki, hasa ukikumbuka kwamba Kenya nzima huchangia sehemu ndogo mno ya gesi joto za dunia. Lakini Dunga inanifundisha kwamba hata “ubepari” ni jina pana mno. Mabadiliko makubwa ya ziwa hili yana tarehe na ofisi zilizoyaamua. Mbuta, samaki ambaye Tanzania wanamwita sangara, hakujileta. Aliingizwa miaka ya 1950 upande wa Uganda, chini ya utawala wa Uingereza, huku wanasayansi wakibishana kama ni salama. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala, na fulu, samaki wadogo wa asili wa mamia ya aina, wakapungua au kutoweka kabisa. Wavuvi wa ghuba, ambao maisha yao yaligeuzwa na uamuzi ule, hawakuulizwa.

Kisa cha lango ndicho kinachoeleza zaidi. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi hurudi angani kwa mvuke. Njia ya kutokea ni moja tu, Mto Nile pale Jinja. Zamani mwamba wa maporomoko ya Ripon ndio uliopima kiasi cha maji ya kutoka. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilipozinduliwa 1954, mwamba huo ulikuwa umelipuliwa na kazi yake ikachukuliwa na milango ya chuma. Uingereza, kwa niaba ya Uganda, na Misri zilikuwa zimekubaliana kwamba milango hiyo ifuate mchoro unaoiga mwamba: ziwa likiwa katika kina fulani, maji yatoke kwa kiasi fulani. Mhandisi wa Misri akakaa Jinja kuhakikisha. Kenya na Tanganyika zilikuwa chini ya Uingereza hiyohiyo na hazikuwa na kiti mezani, sembuse Dunga.

Mchoro ule ulitegemea ziwa kama lilivyojulikana katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Mvua za 1961 hadi 1964 zikalipandisha zaidi ya mita mbili, mchoro haukufika huko juu, ikabidi urefushwe. Hapa ndipo John Dryzek na Jonathan Pickering, katika kitabu chao cha 2019 kuhusu siasa za Antroposini, wananisaidia sana. Hoja yao ni kwamba taasisi zetu zilijengwa kwa kuamini kwamba mazingira yatabaki yalivyo, na kwamba taasisi zikishazoea njia yao huendelea nayo hata ishara za hatari zinapoonekana. Kati ya 2004 na 2006, kiangazi kikiwa kikali na Uganda ikihitaji umeme, mabwawa ya Jinja yaliachia maji kupita kiasi cha mchoro, na wachambuzi walionyesha kwamba hilo lilichangia sehemu kubwa ya kushuka kwa ziwa. Uganda haikukosa sababu, maana viwanda na hospitali zilikuwa gizani. Kosa lilikuwa kwamba hakukuwa na mahali ambapo hitaji la umeme la Kampala lingewekwa mezani pamoja na gati za Kisumu, na ambapo uamuzi ungetolewa hadharani.

Linganisha hali hiyo na utawala uliopo ufuoni. Dunga ina kikundi chake cha usimamizi wa ufuo, BMU, kinachotambuliwa na sheria. Wanachama huchagua viongozi, husajili mashua, huzuia nyavu zenye matundu madogo na kusimamia kufungwa kwa uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai. Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2009, alitumia maisha yake kuthibitisha kwamba watumiaji wa mali ya pamoja wanaweza kujitungia kanuni na kuzifuata bila kusubiri serikali wala mmiliki binafsi. Wanaomsifu husahau sharti lake moja: mali ikiwa kubwa, vikundi vya chini lazima viunganishwe na ngazi za juu, na sauti ipande kama amri zinavyoshuka. BMU inaweza kumnyang’anya kijana nyavu. Haiwezi kuuita mezani mji unaomwaga majitaka ghubani, wala mashamba na viwanda ambavyo mbolea na taka zake hushuka na Mto Nyando. Rutuba hiyo ndiyo inayolisha gugumaji, mmea uliofunga ghuba mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambao bado huzuia mashua kutoka. Katiba ya 2010 imeigawia kaunti uvuvi, huku ulinzi wa maji na usalama wa mabwawa ukibaki Nairobi. Mvuvi hukutana na serikali pale anapodhibitiwa, na huikosa pale anapohitaji kulindwa.

Daraja la kuunganisha ngazi hizi tayari lina jengo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao yake Kisumu, mwendo mfupi wa matatu kutoka Dunga. Naamini wawakilishi wa BMU za nchi zote za ziwa wanastahili viti vya kudumu humo, vyenye haki ya kuuliza na kujibiwa kwa maandishi, na kiasi cha maji kinachoachiwa Jinja kitangazwe kila siku kwa lugha za wavuvi. Kenya nayo ina deni. Ilitia saini Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile Mei 2010, lakini mkataba ulipoanza kutumika Oktoba 2024 haikuwa miongoni mwa nchi sita zilizouridhia. Uganda na Tanzania zilikuwemo. Bunge likiuridhia, serikali itakuwa na mahali rasmi pa kuhoji milango ya Jinja, na wavuvi watakuwa na waziri wa kumuuliza alihoji nini.