Printa ya Picha Nyeusi na Nyeupe: Anza na Wino, Upana Baadaye

Kigali picha moja iliyochakaa inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki ya mtu. Katika Kituo cha Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari pale Gisozi, kilichofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba kizima cha picha zilizotolewa na familia. Kwa hiyo mwenye studio ya mtaa wa Kabeza akiletewa picha ya namna hiyo, nyeusi na nyeupe, aikuze itundikwe sebuleni, amekabidhiwa amana.

Amana hiyo asiipeleke kwenye mashine ya mabango. Nyingi za mashine hizo zina rangi nne tu: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijivu hutokana na kuzichanganya, na mchanganyiko ukiyumba kidogo, shavu la marehemu linaingia ukijani.

Printa inayofaa ina wino mweusi wa ngazi kadhaa: mweusi wenyewe, kijivu na kijivu hafifu. Epson walileta mfumo wa ngazi tatu, UltraChrome K3, mwaka 2005. Canon nao, katika imagePROGRAF PRO-1000 na PRO-2100, wameweka vijivu viwili. Jon Cone wa Marekani amekwenda mbali zaidi: katika Piezography, rangi zote huondolewa na katriji zikajazwa wino wa kaboni wa ngazi mbalimbali. Vivuli vyake ni laini ajabu, lakini studio inayoishi kwa picha za harusi siishauri, kwa sababu mashine hiyo haitachapa rangi tena.

Hakikisha pia wino ni wa pigimenti. Chembe zake hustahimili mwanga na hewa kwa miaka mingi, ilhali wino wa rangi iliyoyeyushwa hupauka mapema ukutani. Na karatasi yenye mng'aro ina mweusi wake, isiyong'aa ina wake. Epson P800 husafisha mrija kila unapobadilisha kutoka mweusi mmoja kwenda mwingine, na wino uliokuwemo ndio umepotea. P900 ya mwaka 2020 imetenganisha njia za wino hizo mbili nyeusi.

Jaribio langu ni rahisi. Mwombe muuzaji achape uso wa mtu pamoja na ukanda wa vijivu, kutoka mweusi hadi mweupe. Utazame chini ya taa ya dukani, kisha toka nao juani. Kijivu kikigeuka zambarau au kijani, iache hiyo mashine. Angalia na chini ya kidevu: je, kola nyeusi na kivuli cha shingo vinatofautiana, au vimekuwa doa moja?

Upana sasa. P900 huchapa sentimita 43, na picha iliyotokana na pasipoti haihitaji zaidi. P7500 ya sentimita 61 na P9500 ya 112 ni za mwenye maonyesho au oda zisizokatika, kwani pigimenti hukauka kwenye matundu ya kichwa mashine ikikaa bure, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti, na kila usafishaji unakula wino. Chapa walau karatasi moja kwa wiki.

Kabla ya kulipa, uliza bei ya seti nzima ya katriji na ya kisanduku cha wino taka, na kama vinapatikana Kigali au vinaagizwa.