Mjane tajiri aliyeacha jina lake uwanjani

Mkazi wa Endebess, chini ya Mlima Elgon, akitaka kwenda Nairobi hupitia Kitale, mji uliofikiwa na reli mwaka 1926. Miaka mitatu baadaye, mjane mmoja mwenye mali alifungua njia nyingine nchini: ya angani.

Bi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi mnamo Julai 1929, kwa fedha zake mwenyewe. Ndege ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, na rubani wake mashuhuri Tom Campbell Black. Walionufaika mwanzoni walikuwa hasa walowezi na maafisa wa serikali ya kikoloni. Mwafrika alizitazama tu zikipita.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwaka 1939, ndege zilichukuliwa na jeshi, na kampuni ikafa. Uwanja ulibaki, na mwaka 1962 ukapewa jina la Wilson kwa heshima yake.

Leo ndege za madaktari wa Amref, shirika lililoasisiwa mwaka 1957, huruka kutoka uwanja huo kuwafuata wagonjwa walio mbali na hospitali kubwa. Hivyo matunda ya mali ya mjane huyo yamewafikia hata wasiowahi kumsikia.