Je, Wajua? Vinyago vya Ulingoni na Mapromota Waliogombea Watazamaji

Kijana wa Ulemo, wilayani Iramba, anaweza kukutajia Undertaker, John Cena na Rey Mysterio bila kukwama, na akakueleza kila mmoja humaliza mechi kwa staili gani. Muulize Kendo Nagasaki ni nani, atakutumbulia macho. Hana kosa. Mieleka ya Waingereza ilirushwa kwenye televisheni yao ya ITV kuanzia tarehe 9 Novemba 1955 hadi tarehe 17 Desemba 1988. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, na kimojawapo, kwa bahati tu, kikaitwa ITV. Wazanzibari walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa bara tulisubiri vibanda vya video, na kanda zilizofika huko zilikuwa za Wamarekani.

Ila Waingereza walikuwamo ndani ya kanda hizo hizo, bila sisi kujua. Wale British Bulldogs waliokuwa wakiingia ulingoni na mbwa wao walijifunza kazi England. William Regal alianzia kwenye ulingo wa bustani ya michezo ya Blackpool, mji wa pwani. Na yule mzee wa sauti ya kibwanyenye aliyekuwa mtangazaji wa mieleka ya WWF ya Marekani, Lord Alfred Hayes, hakuwa lodi wala mtoto wa lodi. Kwao alikuwa mcheza mieleka, na kwa kipindi fulani alipigana akiwa amefunika uso, kwa jina la White Angel, yaani Malaika Mweupe. Huyo tutamrudia.

Je, wajua kwamba mieleka ya Kiingereza iliwahi kupigwa kwenye matope? Mwaka 1930 mapromota walileta London na Manchester mieleka ya kulipwa ya mtindo huria, isiyo na masharti mengi. Umma uliipenda sana kwa miaka michache. Kisha watu wakaanza kuzoea, na mapromota wakaona lazima waongeze chumvi: viti vikarushwa, ulingo ukajazwa matope, wengine wakamwaga hata samaki humo. Mwishoni mwa muongo huo baraza la jiji la London likaipiga marufuku. Leo, huko Mukono, Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling wanapigana kwenye ulingo wa udongo uliozungushiwa miti, na video zao zimezunguka dunia nzima. London walimwaga matope kwa sababu vioja vyote vingine vilikuwa vimekwisha. Mukono wameanza na udongo kwa sababu ulingo wa kisasa ni ghali. Watazamaji wamecheka pande zote mbili, lakini mimi nawapa maksi zaidi wa Mukono, maana kuanguka kwa mgongo kwenye ardhi hakuna ujanja.

Aliyeirudishia mieleka heshima alikuwa mwanajeshi wa majini. Admirali Lord Mountevans, aliyewahi kwenda Antaktika na msafara wa Kapteni Scott, alikubali jina lake litumike kwenye kanuni mpya zilizoandikwa na kamati mwaka 1947. Zikawekwa raundi, uzito saba na maonyo ya hadharani. Ushindi ukawa wa miangusho miwili kati ya mitatu. Halmashauri za miji zikafungua tena kumbi zao, na fedha zikarudi. Fedha ziliporudi, ugomvi nao ukarudi.

Mwaka 1952 mapromota wakubwa waliungana wakaunda Joint Promotions. Waligawana nchi vipande vipande, kila mmoja na eneo lake, wakabadilishana wapiganaji na kukubaliana nani aitwe bingwa. Aliyekataa masharti yao hakupata kazi katika kumbi zao. Bert Assirati, bingwa wa uzito wa juu na mtu aliyeogopwa kwa nguvu za kweli na si za kuigiza, alikataa kuwa chini yao, nao wakamvua ubingwa. Baadaye mapromota wa kujitegemea wakamtangaza bingwa wao, kijana mmoja mkubwa wa mwili aitwaye Shirley Crabtree. Assirati hakwenda mahakamani wala gazetini. Alikuwa akitokea ukumbini usiku wa mechi, akimdai kijana huyo apande wapigane, mbele ya watu waliolipa. Hebu fikiria hali ya promota: mechi imepangwa, mshindi anajulikana tangu mchana, halafu anaingia mtu asiyepangika! Kufikia mwaka 1966 Crabtree alikuwa ameachana na ulingo, akakaa nje kwa miaka kadhaa.

Mshindani aliyewaumiza kichwa zaidi Joint Promotions alikuwa Mwaustralia, Paul Lincoln. Mchana alikuwa mwenye mkahawa: yeye na mwenzake Ray Hunter waliendesha 2i's Coffee Bar katika mtaa wa Soho, London, mahali ambapo Tommy Steele na Cliff Richard waliimba kabla hawajawa mastaa. Usiku alikuwa promota. Na usiku huo huo, watu wakishaketi, aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akavaa kinyago cheusi, akatoka akiwa Doctor Death, mtu mbaya kuliko wote kwenye bango ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelichapisha.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Joint Promotions walikuwa na televisheni na karibu majina yote makubwa. Mtu asiye na majina afanyeje? Anatafuta mtu asiye na jina kabisa. Uso uliofunikwa haudai mshahara wa staa, hauhamii kwa mpinzani wako, na unamleta mtazamaji wiki hii, wiki ijayo na ile ya tatu kwa swali moja tu: ni nani huyu? Dawa ya swali hilo ilikuwa pambano la kinyago kwa kinyago, ambapo anayeshindwa anavuliwa mbele ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Doctor Death alipambana na White Angel, na Malaika akashindwa. Kilipotoka kinyago, akaonekana Al Hayes, yule yule wa kanda za WWF. Promota alikuwa amemvua mfanyakazi wake.

Lakini kinyago kina udhaifu wake kibiashara: yeyote anaweza kukishona. Akina Doctor Death wa bandia wakaibuka kwenye kumbi za mapromota wengine, na shabiki wa mji mdogo hakuwa na namna ya kujua amemwona yupi. Mwaka 1966 Lincoln akaunganisha biashara yake na Joint Promotions.

Mwaka huo huo, mwezi Machi, katika ukumbi wa Victoria, mji wa Hanley, ulifanyika uvuaji unaokumbukwa kuliko wote. Count Bartelli alikuwa amejificha nyuma ya kinyago kwa takriban miaka 20. Akapewa mpinzani aliyeanza mwaka 1964 tu, Kendo Nagasaki, aliyeingia na upanga na mavazi ya Kijapani. Bartelli akashindwa, akafunuliwa: kumbe ni Geoff Condliffe, wa mji wa Crewe. Kwa usiku mmoja, fumbo la miaka 20 likahamishiwa kwa kijana.

Nagasaki mwenyewe hakuwa na Ujapani wowote. Ni Peter Thornley, wa eneo la Stoke-on-Trent, mcheza judo aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari ya kusafirishia farasi, ambako alipoteza sehemu ya kidole. Hapo ndipo mashabiki wenye macho makali walipokuwa wakitazama. Uso ulifunikwa vizuri, macho yalikuwa mekundu ya kutisha, lakini mkono ulikuwa wazi, na kidole kifupi hakifichiki kwa kitambaa cha kichwani. Ulingoni hakusema neno hata moja. Kwa miaka mingi aliyemsemea ni meneja wake, George Gillette, mtu wa mavazi ya kumetameta, na kazi hiyo ya kuongea aliifanya kwa wingi wa watu wawili.

Mwaka 1975 kinyago cha Nagasaki kiling'olewa mbele ya kamera. Aliyeking'oa alikuwa Big Daddy. Na Big Daddy ni nani? Ni yule yule Shirley Crabtree, sasa mnene, mwenye nywele nyeupe na kipenzi cha watoto. Mdogo wake, Max Crabtree, ndiye aliyekuwa akipanga mechi za Joint Promotions, na haishangazi kwamba ndugu yake hakupoteza mechi nyingi. Tarehe 18 Juni 1981, katika ukumbi wa Wembley, alimmaliza Giant Haystacks, jitu la zaidi ya kilo 200, kwa muda usiofika dakika tatu. Watu walisafiri na kulipa viingilio kwa kitu kifupi kuliko foleni ya kununua soda.

Kulikuwa na Big Daddy mwingine miaka hiyo hiyo, na huyu sisi tunamjua kwa machungu. Magazeti ya Kiingereza yalimwita Idi Amin kwa jina hilo hilo. Naye alikuwa mtu wa ulingoni: bingwa wa ngumi wa Uganda, uzito wa juu mwepesi, kuanzia 1951 hadi 1960. Mwaka 1978, vita vya Kagera vilipowaka, alijitapa kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi kwa ngumi, refa awe Muhammad Ali. Mwalimu hakuupanda ulingo huo.

Ushindani wa mapromota hauhitaji Uingereza wala mieleka ili uuelewe. Kwa Wasukuma, jirani wa Wanyiramba wa kule Iramba, kuna Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma yanayofuata waganga wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika. Hupiga ngoma kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana kuna wanaocheza na nyoka, na ndiyo maana kila upande una dawa yake ya kuvutia umati. Kinshasa wameipeleka dawa hiyo ulingoni moja kwa moja: katika mieleka yao, ambayo wao huiita kachi, mpiganaji humlegeza mwenzake kwa uchawi, na watu hufuata msafara wake mitaani kwa tarumbeta. Hata ngumi zetu za kulipwa, kabla ya kuundwa kamisheni ya TPBRC, zilikuwa na vyombo vya PST, TPBO na TPBC kwa pamoja, na mikanda ilikuwa mingi kuliko mabingwa.

Tukirudi Uingereza, siri ya mieleka ilivuja mwaka 1985. Jackie Pallo, mmoja wa mastaa wakubwa wa televisheni, aliandika kitabu akieleza jinsi matokeo yanavyopangwa. Wenzake walikasirika mno. Nadhani hasira hiyo ilihusu zaidi pato kuliko ukweli, kwa sababu maumivu yalikuwa ya kweli muda wote. Mwaka 1987, huko Great Yarmouth, Mal Kirk alifariki baada ya Big Daddy kumwangukia katika mwisho uliopangwa. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa moyo.

Na Nagasaki? Desemba 1977, mjini Wolverhampton, alikivua kinyago mwenyewe, kwa sherehe, akionyesha kichwa kilichonyolewa na kuchorwa tatuu. Mwaka uliofuata akastaafu. Hapo ungedhani biashara ya sura yake imekwisha, maana nchi nzima ilikuwa imeiona. Mwaka 1986 akarudi, amevaa kinyago kile kile, akawa kivutio kikuu cha promota Brian Dixon, hasimu wa akina Crabtree, aliyeingia katika mchezo huu akiwa kiongozi wa klabu ya mashabiki wa mpiganaji Jim Breaks. Watu wakalipa kiingilio kumtazama mtu wanayemjua sura akiificha. Kampuni ya Max Crabtree ilifungwa mwaka 1995. Dixon aliendelea na shughuli hiyo mpaka alipofariki mwaka 2023.