Theluji Ikipungua, Vijiji vya Alpi Vitaishije?

Katika milima ya Alpi na Jura, barani Ulaya, vijiji vingi hula kwa theluji. Majira ya baridi wageni huenda huko kuteleza mlimani kwa vibao vinavyofungwa miguuni. Wenye hoteli, wapishi, walimu wa mchezo huo na waendeshaji wa mitambo inayopandisha watu juu hupata humo sehemu kubwa ya riziki ya mwaka. Lakini dunia inaongezeka joto, na kwenye milima mifupi mvua hunyesha siku ambazo zamani ingeanguka theluji.

Jibu la kwanza limekuwa kutengeneza theluji. Mashine hurusha matone madogo ya maji hewani ili yagande kabla ya kutua. Nchini Italia, karibu asilimia 90 ya njia za kuteleza zinahudumiwa hivyo. Hata hivyo, mashine hizo zinataka maji mengi na umeme, na zaidi ya yote zinataka baridi yenyewe. Hewa ikiwa vuguvugu, matone hayagandi.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulichunguza vituo 2,234 katika nchi 28 za Ulaya. Joto la dunia likipanda nyuzi 2 kuliko kabla ya enzi ya viwanda, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji. Mashine zikihudumia nusu ya eneo la kuteleza, vituo hivyo hupungua hadi asilimia 27. Zinasaidia, ila hazimalizi tatizo.

Kituo cha Métabief, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, kilichukua njia nyingine. Mwaka 2020 wasimamizi wake walikubali wazi kwamba mchezo huo ungefikia mwisho wake hapo kati ya mwaka 2030 na 2035. Badala ya kukopa ili kununua mitambo mipya, waliamua kutunza iliyopo na kukuza utalii wa misimu yote, kama matembezi na baiskeli za milimani.

Uamuzi huo una gharama, kwa kuwa matembezi ya kiangazi hayaleti fedha nyingi kama theluji. Lakini tuwafikirie wafanyakazi. Anayejulishwa miaka kumi kabla anaweza kujifunza kazi nyingine. Anayejulishwa siku kituo kinapofungwa hubaki na deni. Ndiyo maana tunaona kwamba kujirekebisha huanza kwa kuambiana ukweli mapema, wakati theluji ingalipo.