Wanafunzi Wanaojitolea: Nani Atabaki na Kisima Wakishaondoka?

Kijana akishaingia chuoni, haupiti muda mrefu kabla hajarudi nyumbani na habari ya jumuiya ya wanafunzi. Wanachangisha fedha za kisima, wanakwenda kupaka rangi skuli ya kijijini, au wanatafuta nauli ya kwenda nchi nyengine kusaidia watoto. Mzazi hufurahi, kisha huingiwa na wasiwasi. Furaha ina msingi wake na wasiwasi una msingi wake, na makala hii inaeleza vipi mzazi apime ombi kama hilo kabla ya kutoa ruhusa, na kabla ya kutoa fedha.

Kwanza tusidharau. Shirika la Islamic Relief, ambalo leo linajulikana dunia nzima, lilianzia kwa wanafunzi. Mwaka 1984, njaa ilipokuwa ikiangamiza watu Sudan na Ethiopia, Dkt. Hany El-Banna, Mmisri aliyekuwa masomoni Birmingham, Uingereza, alikusanyika na wanafunzi wenzake wakaanza kuomba michango misikitini na mlango kwa mlango. Mchango wa mwanzo ulikuwa peni 20, uliotolewa na mtoto mdogo wa jamaa yake. Miongoni mwa kazi zao za awali ilikuwa kugharamia ufugaji wa kuku Sudan. Miaka mingi baadaye, mwaka 2003, wanafunzi wa Kiislamu London wakaanzisha Charity Week, wiki moja kila mwaka ya kuchangisha kwa ajili ya mayatima na watoto wenye shida. Hapa pana jambo la kuangaliwa: wanafunzi hukusanya, lakini fedha hukabidhiwa Islamic Relief, chombo cha kudumu chenye wafanyakazi na hesabu zinazokaguliwa. Nguvu ya ujana imetumika pale inapofaa.

Udhaifu wa kazi za wanafunzi hautokani na nia. Unatokana na muda. Mwanafunzi yuko chuoni miaka mitatu au minne, na uongozi wa jumuiya hubadilika kila mwaka. Pampu inaharibika mwaka wa pili. Aliyeileta ameshahitimu, yuko Dar es Salaam anatafuta kazi, na namba yake ya simu imebadilika. Kijiji kinabaki na chuma.

Waliolielewa hili mapema ni wahandisi. Mwaka 2000 Profesa Bernard Amadei wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, alialikwa kijiji cha San Pablo, nchini Belize. Akakuta watoto wa kike hawaendi skuli kwa sababu wanachota maji mtoni. Mwaka uliofuata alirudi na wanafunzi wanane, wakajenga mfumo wa maji unaoendeshwa kwa nguvu ya maporomoko yaliyo karibu, kwa gharama ya takriban dola 14,000. Mwaka 2002 akaanzisha Engineers Without Borders ya Marekani, ambayo ina matawi mengi ya wanafunzi. Tawi linaloingia kijijini lilitakiwa kuahidi kubaki nacho miaka mitano, na wanakijiji wenyewe wachangie sehemu ya gharama. Wanafunzi wanahitimu, tawi linabaki, na wa nyuma wanarithi ahadi ya waliotangulia.

Wenzao wa Canada, wenye jina kama hilo ingawa ni shirika jengine, walikwenda hatua zaidi: mwaka 2008 walianza kuchapisha ripoti ya mambo waliyoshindwa. Sisi kisima kikifunguliwa tunapiga picha na kutangaza, kikikauka hatutangazi. Na huku visiwani visima vinaharibika kwa njia yao. Ukichimba karibu na pwani na kuvuta maji kupita kiasi, maji ya bahari huingia, kisima kikawa cha chumvi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyetoka mbali huenda asilijue hilo. Bibi anayechota maji hapo tangu utotoni analijua, lakini aulizwe.

Suala la watoto ni zito zaidi. Katika fiqhi, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba yake kabla ya kubaleghe. Neno hili lina mipaka, na mipaka hiyo ina faida. Katika nchi kama Cambodia imebainika kwamba wengi wa watoto waliowekwa katika nyumba zinazoitwa za mayatima wana mzazi aliye hai. Wamepelekwa kwa sababu ya umasikini, na baadhi ya nyumba hizo hushamiri kwa sababu vijana wa kujitolea kutoka nchi tajiri huja na fedha zao. Mwezi wa Disemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka nchi wanachama zizuie madhara ya safari za kujitolea katika nyumba hizo. Mtoto anamzoea mgeni wiki mbili, mgeni anaondoka, anakuja mwengine. Basi kijana wako akisema anakwenda kukaa na mayatima, muulize: watoto hao wana mama? Kama wanaye, kwa nini msaada usipelekwe kwa mama, mtoto akalala kwao? (Suala la binti kusafiri na mahram lina majibu yake katika sehemu ya fatwa, hatulirudii hapa.)

Na si lazima safari. Shirika la Student Partnerships Worldwide lilianza Uingereza mwaka 1985 kwa kupeleka vijana wa huko nchi za nje. Kadiri miaka ilivyopita likawategemea zaidi vijana wa nchi husika, Tanzania ikiwemo, na mwaka 2010 likabadilisha jina kuwa Restless Development. Kijana anayejua lugha na desturi za mahali haanzi na mkalimani. Mwanafunzi wa ualimu kutoka Micheweni anayefundisha hisabati kijijini kwao kila likizo, kwa makubaliano na mwalimu mkuu na sheha, atakuwa na wanafunzi wale wale mwaka ujao, na mama zao watamuuliza barabarani wanaendeleaje.

Yabaki mambo ya fedha. Anayekusanya ni wakili wa mtoaji. Akiambiwa hii ni ya kisima, haifai kuigeuza nauli na chakula cha wanafunzi bila ya idhini. Kama gharama zao zitatoka humo, waliseme hilo tangu mwanzo, kwa kiwango kinachojulikana. Zaka isichanganywe na sadaka ya kawaida, kwani wanaostahiki zaka wametajwa, na ujenzi wa kila aina hauingii humo kwa rai ya wanazuoni wengi. Kila moja iwe na daftari lake. Mzazi ana haki ya kuliona daftari, na kuuliza nani ametia saini kwa niaba ya kijiji na spea zitanunuliwa kwa fedha ipi. Ikibaki ziada baada ya kazi, watoaji waulizwe kama wanajulikana. Wasipojulikana, ielekezwe kwenye jambo la aina ile ile, mfano matengenezo ya kisima hicho au kisima cha kijiji cha jirani.