Simba Aliyelala Chini ya Theluji

Wajukuu zangu, huko Kolombia uko mlima uitwao Nevado del Ruiz, wa mita zaidi ya 5,300. Kileleni ni barafu, tumboni ni moto. Wenyeji waliuita Simba Aliyelala.

Mwishoni mwa 1984 simba akaanza kujigeuza. Ardhi ikatetemeka, mvuke ukafuka. Septemba 1985 akakohoa majivu. Mashine za kupima mitetemo zilifika kwa kuchelewa, tena chache, lakini kufikia Oktoba wataalamu walikuwa wameshachora ramani ya njia za hatari. Mji wa Armero ulikuwamo.

Mtaniuliza: Armero ulikuwa kama kilomita 70 ukifuata mabonde, moto ungefikaje? Haukufika. Kilichofika ni theluji.

Tarehe 13 Novemba, saa tatu usiku, mlima ulilipuka, wala haukuwa mlipuko mkubwa. Majivu na mawe ya moto yaliyeyusha sehemu ya barafu. Maji yakaporomoka mabondeni yakizoa udongo, mawe na miti, mpaka yakawa mazito kama zege bichi. Tope hilo huitwa lahari, neno la Kijava. Liliingia Armero saa tano na nusu. Zilipita saa mbili na zaidi, watoto wangu, na vilima vilikuwa karibu! Lakini watu walikuwa wameambiwa watulie majumbani. Zaidi ya 20,000 walikufa. Hilo huniuma kila ninapolisimulia, maana mwaka 1845 tope kama hilo lilikuwa limeshapita palepale, na mji ukaja kujengwa juu yake.

Siku hizi milima ya namna hiyo husikilizwa kama daktari anavyosikiliza kifua. Hupimwa gesi yenye salfa inayotoka, hupimwa pia kama mlima umevimba, hata kwa sentimita chache. Kwenye mabonde ya Mlima Rainier, Marekani, kuna vifaa kando ya mito vinavyonasa mngurumo wa tope likishuka, ili ving'ora vilie kabla halijafika.

Chini ya mlima huo uko mji wa Orting, nao umejengwa juu ya tope la kale, la miaka kama 500 iliyopita. Huenda tope hilo lilishuka bila mlipuko wowote, ndiyo maana masikio hayo hayalali. Wanafunzi wa Orting nao hufanya mazoezi: hutoka madarasani, hujipanga, na kutembea kwa miguu mpaka mahali pa juu.