'Pumzi' si mapafu pekee: Funzo la panya wa maabara

Majuzi nikiwa Wenje, Kaunti ya Tana River, nilisimama kando ya uwanja kuwatazama vijana wakijinoa kwa mbio. Kocha alikuwa akifoka, "Ongezeni pumzi!" Kijana mmoja aliyeachwa nyuma akaniambia huku akitweta, "Mwalimu, mimi nimezaliwa na kifua kidogo. Pumzi sina." Kauli hiyo ndiyo chimbuko la makala haya.

Kimsingi, nomino 'pumzi' hurejelea hewa tunayoivuta na kuitoa. Katika mazungumzo ya uwanjani, maana yake imepanuka: mchezaji "mwenye pumzi" ni yule asiyechoka upesi. Upanuzi huo si kosa. Tatizo huzuka tunapoiingiza darasani istilahi 'mazoezi ya pumzi' bila ufafanuzi, kwani mwanafunzi huamini kwamba kinachokua ni mapafu.

Wanyama wa maabara wanatueleza vingine. Mnamo 1967, John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alichapisha matokeo ya kuwakimbiza panya kwenye mashine siku tano kwa wiki, muda ukiongezwa pole pole hadi saa mbili kwa siku. Baada ya wiki 12, alichunguza misuli ya miguu yao. Uwezo wa mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyotumia oksijeni kuzalisha nishati, ulikuwa umeongezeka takribani maradufu. Moyo nao, ukizoezwa, husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mapafu ya aliyekwisha kukomaa hubadilika kidogo mno.

Hapa kwetu pia kazi kama hiyo imefanywa. Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi alishirikiana na C. Richard Taylor wa Harvard kuwakimbiza wanyama wa Kenya, kuanzia nguchiro hadi pofu, kwenye mashine. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1981. Walichopima si wingi wa hewa inayoingia kifuani, bali kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia.

Kwa mintarafu hiyo, napendekeza mambo mawili. Mosi, katika somo la sayansi tuseme 'mazoezi ya oksijeni', kwa sababu istilahi hiyo inataja kile hasa kinachotumika na kupimwa. Pili, uwanjani tuliache neno 'pumzi' liendelee kutumika, ila kocha aongeze maelezo: pumzi hujengwa miguuni na moyoni, tena kwa wiki nyingi.

Nilimweleza hivyo yule kijana. Akaniuliza, "Kwa hivyo kifua changu hakina shida?" Nikamjibu kwamba kuachwa nyuma siku moja si ushahidi wa kifua kibovu, hata wale panya hawakuanza kwa saa mbili. Akajifunga kamba za viatu, akarudi uwanjani.